Pedeli ya Tatu: Kwa Nini Manyuo Hupandisha Bei Japani na Kuishusha Kigoma

Tafuta Toyota Supra ya katikati ya miaka ya 1990 yenye tabo mbili kwenye minada ya Japani. Ukibahatika kuziona mbili zinazolingana rangi, kilomita na hali ya bodi, moja ikiwa na gia sita za mkono na nyingine otomatiki ya gia nne, tofauti ya bei yake inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola, na iliyo ghali ni hiyo yenye klachi. Sasa njoo Mwanga, hapa Kigoma, utafute mteja wa Toyota Altezza ya manyuo, yaani ya gia za mkono. Dalali atalizunguka gari, atasifia rimu, atapiga boneti kofi moja, halafu atachungulia ndani na kuona pedeli tatu. "Ingekuwa oto, kaka, leo leo ungeondoka na hela."

Vijana wanaofuatilia magari ya spoti kwenye simu wanaona kuna mmoja hapo anayedanganya. Hakuna. Mnunuzi wa Yokohama na dalali wa Mwanga wanapiga hesabu moja, ila kila mmoja anajaza majina yake kwenye nafasi mbili zilezile: nani atalinunua gari hili baada yangu, na nani atalitengeneza likiharibika. Gia boksi yenyewe, chuma na oili yake, haina bei ya kudumu popote. Mkanganyiko unaanza pale mtu anaposoma kwamba manyuo "inashika bei", akaibeba hukumu hiyo ilivyo mpaka kwenye gari alilolipaki nyumbani kwake Katubuka.

Otomatiki ni nyingi, manyuo ni moja

Gia za mkono hazina maelezo marefu. Kati ya injini na gia boksi kuna sahani ya klachi, inabanwa na presha pleti kwenye flaiwili. Ukikanyaga pedeli ya kushoto sahani inaachia, injini inazunguka peke yake, unaingiza gia, unaachia, gari linaenda. Vinavyochakaa hapo vinajulikana: klachi pleti, presha, rilizi beringi. Fundi wa Ujiji na fundi wa Ujerumani wanafungua kitu kilekile.

Otomatiki ndiyo inayotaka subira, kwa sababu ziko za aina nne na sokoni kila moja ina hatima yake.

Ya kwanza ni ya konveta, yaani kibuyu cha chuma kilichojaa oili na mapanga, kinachopokea nguvu za injini bila klachi ya kukanyaga. Hii ndiyo iliyomo kwenye Mark II, Altezza na Supra za otomatiki za zamani. Ni ngumu, inavumilia, lakini zile za zamani zilikuwa zinakula sehemu ya nguvu za injini njiani. Ya pili ni CVT, mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili. Tunayo kwenye Probox za kuanzia 2014 na magari mengi madogo ya mjini, na kwa magari ya spoti haituhusu sana.

Ya tatu ndiyo yenye visa. Ni gia boksi ya mkono kabisa, yenye klachi kabisa, ila mguu wa dereva umeondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na pampu ya haidroliki na kompyuta. Ferrari waliipeleka barabarani mwaka 1997 kwenye F355 F1. BMW wakaja na yao, SMG, iliyojulikana zaidi kwenye M3 ya umbo la E46. Ya nne ni ya klachi mbili: klachi moja inashika gia witiri, nyingine inashika gia shufwa, kwa hiyo unapokuwa gia ya tatu, ya nne imeshaingizwa na inangoja tu kupokea nguvu. Gari la kwanza la kuuzwa kwa umma lenye gia boksi ya namna hii lilikuwa Volkswagen Golf R32 ya mwaka 2003. Nissan GT-R ya R35 ikafuata mwaka 2007, na Porsche 911 mwaka 2008 kwa jina la PDK, baada ya Porsche kuifanyia majaribio kwenye magari yao ya mashindano tangu miaka ya 1980.

Mtu akikwambia "otomatiki zinaanguka bei", muulize ipi kati ya hizo.

Sababu iliyokufa, bei ikabaki

Zamani manyuo ilikuwa na kila haki ya kuwa ghali, kwa sababu ilikuwa gari bora zaidi. Chukua Honda NSX ilipotoka mwaka 1990: ya manyuo ilikuwa na nguvu za farasi 280, ya otomatiki 265, injini ya muundo uleule ikiwa imepunguzwa makali. Altezza yetu hii ya RS200, yenye injini ya 3S-GE, kiwandani iliandikwa farasi 210 kwa manyuo na 200 kwa otomatiki. Juu ya hapo otomatiki nyingi zilikuwa na gia nne tu, na ukitaka kupita lori mlimani, gia boksi inafikiria kwanza ndipo ishuke gia. Mtu aliyetaka mwendo alinunua manyuo, na aliyenunua otomatiki alikuwa amekubali kupungukiwa.

Klachi mbili ziliua hoja hiyo. PDK inabadili gia haraka kuliko mkono wa binadamu yeyote, na 911 za siku hizi zenye PDK huziacha za manyuo kwenye kipimo cha sifuri mpaka kilomita 100. Kama bei ingekuwa inafuata mwendo, hapo manyuo ingebaki ya kufundishia udereva.

Porsche wenyewe walidhani hivyo. Mwaka 2013 walitoa 911 GT3 mpya yenye PDK peke yake, bila nafasi ya kuchagua. Wateja wao, watu wenye fedha za kununua kasi yoyote wanayoitaka, wakalalamika. Mwaka 2016 kampuni ikatoa 911 R: magari 991 tu, yote manyuo, bei ya Marekani ikianzia dola 184,900. Kabla hata wino wa stakabadhi haujakauka, watu walikuwa wanayatangaza kwa mara kadhaa ya bei hiyo. Halafu mwaka 2017 Porsche wakarudisha manyuo kwenye GT3 ya kawaida, wakaleta na GT3 Touring isiyo na bawa kubwa la nyuma, ambayo kwa mbali ungedhani ni 911 R. Bei za 911 R zikapoa. Gari lilikuwa lilelile, gia zilezile sita, ila sasa mtu angeweza kuagiza kitu kinachokaribiana nalo dukani.

Nakitaja kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinatenganisha vitu viwili ambavyo watu huvisokota pamoja. Waliolipa hawakulipia mwendo. Walilipia hisia za kufanya kazi kwa mkono na mguu, na juu yake wakalipia uhaba. Hisia hazikuondoka mwaka 2017. Uhaba ndio uliopungua, na bei ikashuka nao. Toyota nao walirudi nyuma kwa namna hiyohiyo: GR Supra ilitoka mwaka 2019 ikiwa otomatiki tupu, na mwaka 2022 wakatangaza ya manyuo. Anayenunua manyuo leo akiweka tumaini kwenye uhaba, aangalie kiwanda kinafanya nini.

Nani yuko mnadani

Japani mwaka 1991 ilianzisha leseni ya udereva ya otomatiki pekee. Ukifanya mtihani huo huruhusiwi kuendesha manyuo. Kizazi kizima kikaingia barabarani kikiwa hakijagusa klachi, viwanda vikapunguza manyuo, na kwa hiyo magari ya spoti ya pedeli tatu ya miaka ya 2000 ni machache kuliko mtu anavyotarajia. Marekani hali ni kali zaidi: mwaka 1980 kama theluthi moja ya magari mapya yalikuwa manyuo, siku hizi ni asilimia moja hivi. Ferrari waliacha manyuo karibu na mwaka 2012. Lamborghini waliishia na Gallardo, iliyofungwa mwaka 2013.

Juu ya uchache huo ongeza sheria ya Marekani inayozuia gari lisilotengenezwa kwa viwango vyao mpaka litimize miaka 25. Skyline GT-R ya R32, iliyotoka mwaka 1989, ilianza kuruhusiwa kule mwaka 2014. R34, ya mwaka 1999, ikaruhusiwa kuanzia 2024. Kila umri huo unapotimia, mnunuzi wa Kimarekani anaingia kwenye minada ileile ambayo wakala wako wa Dar es Salaam anatafutia IST na Crown. Yeye hatafuti usafiri. Usafiri anao. Anatafuta gari alilolibandika ukutani akiwa shule, atalitoa Jumapili, atalipaki. Foleni haimhusu, mke wake kutoweza kuliendesha hakumhusu, na klachi nzito ndiyo aliyoifuata.

Hapa kuna mtego mmoja mdogo. GT-R za R32, R33 na R34 hazikuwahi kutoka kiwandani na otomatiki. Honda S2000 pia, tangu 1999 mpaka 2009, ni manyuo tupu. Ukiona S2000 imepanda bei usiseme "manyuo imepandisha", maana hakuna ya otomatiki ya kulinganisha nayo. Gari lenyewe ndilo linalopendwa. Ziada ya manyuo inapimika tu pale kiwanda kilipotoa zote mbili: Supra, NSX, Mazda RX-7, BMW M3, Ferrari F430.

Na kwenye M3 na F430 ziada hiyo ina kitu kingine ndani yake, ambacho ni woga. Pampu ya haidroliki ya SMG ikichoka, gari linagoma kuingiza gia, na ukarabati wake ni wa kuumiza. Gia boksi za F1 za Ferrari zinatafuna klachi hasa kwa mtu anayerudi nyuma kwenye kilima au kutambaa kwenye foleni. Kwa hiyo mnunuzi anapolipa zaidi kwa ya manyuo, sehemu ya hela hiyo ni kama bima anayojilipia mapema. Wapo wanaonunua M3 ya SMG kwa bei ya chini, wakaing'oa mitambo ya haidroliki na kuweka pedeli. Gari la namna hiyo huwa na bei yake ya katikati, nitalirudia.

Sasa turudi Mwanga

Mteja wa gari dogo Kigoma ni mwalimu, ni mfanyabiashara wa dagaa au mawese, ni mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka Dodoma. Analo gari moja. Litaendeshwa na yeye, mwenza wake, mdogo wake anayekuja likizo, na siku ya harusi litaazimwa. Wengi walijifunza kwa manyuo chuo cha udereva, wakapata leseni, na tangu siku hiyo hawakutaka tena kusikia habari za klachi. Halafu kuna mlima. Anayeijua barabara ya Lumumba kutoka stesheni ya reli kupanda Mwanga anajua maana ya kusimama katikati ya mteremko, bajaji imekugandia nyuma, nawe unatafuta ile nukta ambapo klachi inashika kabla gari halijarudi. Kwa mpenzi wa magari huo ni mchezo. Kwa mtu anayewahi kazini ni jasho.

Foleni hatuna. Hoja ya foleni ni ya Dar es Salaam. Lakini bei ya gari la Kigoma haipangwi Kigoma peke yake. Dalali akiangalia gari lako anafikiria pia watu atakaowapigia simu Mwanza, Kahama na Dar, kwa sababu wateja wa spoti hapa hawatoshi kulichukua ndani ya wiki. Foleni ya Ubungo inakukata bei na wewe uko Bangwe.

Kuna na vipimo vingine ambavyo huku vina nguvu kuliko gia. Swali la kwanza la mteja wa Tanzania huwa ni namba: ni namba C, D au E? Herufi ya kibao inamwambia gari limekaa nchini muda gani, na mteja yuko radhi kulipa mamilioni kwa herufi moja. Altezza iliacha kutengenezwa mwaka 2005. Gari la binafsi lililozidi miaka kumi linapoingizwa nchini linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu wa asilimia 30, kwa hiyo kuileta nyingine kutoka Japani leo hakupendezi mfukoni. Altezza zilizopo ni zilezile zinazozunguka mikononi mwetu, na namba zake zinazidi kuzeeka. Hapo ndipo manyuo inapoumia mara mbili: mteja wake ni mchache, na gari lenyewe halipati sura mpya ya namba.

Lakini mtu asiseme watu wa Kigoma hawapendi manyuo. Simama pale Mwandiga, njia panda ya Kasulu na Manyovu, uhesabu kinachopita: Fuso, Canter, Hilux, Land Cruiser za mashirika zinazoelekea kambi ya Nyarugusu. Karibu zote zina klachi. Land Cruiser ya pikapu ikiuzwa, hakuna anayeuliza kama ni oto. Ikiwa oto ndipo mnunuzi anasita. Mji uleule, mlima uleule, mafundi walewale. Kilichobadilika ni anayenunua. Mwenye Land Cruiser anafikiria tope la masika na safari ya siku nzima mbali na gereji. Kwake pedeli ya tatu ni nyongeza ya bei, sawasawa na kwa yule wa Yokohama, ingawa sababu zao hazijuani kabisa.

Upande wa fundi ndio unaonivutia zaidi, kwa sababu unaenda kinyume na bei. Klachi ya Altezza inabadilishwa chini ya mwembe. Gari linainuliwa kwa jeki na kuwekewa magogo, propela shafti inatolewa, boliti za gia boksi zinafunguliwa moja moja, vijana wawili wanaishusha kifuani kama wanapokea mtoto, klachi pleti iliyokwisha inatoka nyembamba na nyeusi. Jioni gari limewaka. Gia boksi ya otomatiki ni habari nyingine.

"Oto ikifa hapa hatutengenezi, tunabadilisha," fundi mmoja wa Mwanga aliniambia akiwa amelala chini ya Mark II, sauti ikitokea kwenye magurudumu. "Na hiyo ya kubadilishia nayo imetoka kwenye gari lililokufa. Hujui limekufa na nini."

Alimaanisha ile ya mtumba inayonunuliwa Dar es Salaam na kuletwa na basi au treni, zaidi ya kilomita 1,200 za reli, ifungwe, na ikigoma hakuna wa kumrudishia. Nyingi zinakufa kwa kunyweshwa oili isiyo yake. Otomatiki ya konveta ina oili yake, CVT ina yake, na kopo lililoandikwa ATF halifai kila gari. Otomatiki pia haiwashwi kwa kusukuma betri ikiisha, na ukiivuta kwa kamba magurudumu ya nguvu yakiwa chini, injini imezimwa, pampu ya oili ya gia boksi haifanyi kazi na vyuma vya ndani vinasagana vikavu. Watu wanafanya hivyo kila siku kisha wanashangaa.

Kwa mtazamo wa matengenezo basi, manyuo ndiyo iliyostahili kuwa ghali Kigoma. Haipo hivyo kwa sababu mteja anaona urahisi wa leo, na gharama ya gia boksi ni ya kesho, tena pengine itamwangukia mtu mwingine.

Kushika bei si kuwa na bei kubwa

Hili ndilo fundo lenyewe, na ndilo linalopotezwa kwenye mabishano ya vijiweni. Gari lenye bei kubwa sokoni siyo lazima liwe limeshika bei. Kushika bei ni uwiano wa ulichotoa na utakachopata.

Tuchukue tarakimu za mfano tu, si bei za soko. Umenunua Altezza ya otomatiki kwa milioni tisa, baada ya miaka mitatu ukaiuza kwa saba. Jirani yako kanunua ya manyuo, kwa sababu haina wateja, kwa milioni saba na nusu, naye akaiuza kwa sita. Kila mtu kijiweni atasema yako "ina bei". Wewe umepoteza milioni mbili, yeye moja na nusu. Kama katikati hapo wewe ulibadili gia boksi na yeye akabadili klachi pleti, pengo limepanuka. Dosari ilishakatwa kwenye bei aliyonunulia. Haikatwi tena upya kila gari linapobadili mkono.

Anayeumia na manyuo hapa ni wa aina mbili. Mmoja ni yule aliyenunua kwa bei ya otomatiki kwa sababu aliambiwa huko duniani manyuo ni dhahabu. Huyo amelipa ziada ya Yokohama na atauza kwa bei ya Mwanga. Mwingine ni mwenye haraka. Gari la manyuo la spoti halikosi mteja, ila mteja wake anaweza kuwa mmoja Mwanza na mwingine Arusha, na mpaka umpate pengine miezi imepita. Ukipata ada ya shule ya kulipa wiki ijayo, utaliuza kwa anayelitaka kwa kukuonea huruma. Hivyo anayehamishwa kituo cha kazi mara kwa mara, nami ningemshauri, achukue otomatiki na atunze oili yake. Anayekusudia kukaa na gari mpaka lizeeke naye, punguzo la manyuo ni lake kulichukua.

Ukiinunua, ipime. Paki pazuri, vuta handibreki mpaka mwisho, ingiza gia ya tatu, achia klachi taratibu huku ukigusa mafuta. Klachi ikiwa nzima, injini inatakiwa izimike. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza na fundi anakusubiri. Kwa otomatiki yenye kijiti cha oili, kichomoe uipanguse kwenye kitambaa cheupe: nyekundu ni nzuri, kahawia yenye harufu ya kuungua ni sababu ya kuaga kwa adabu.

Manyuo ya kiwandani na ya kupandikiza

Pale bei inapopanda kwa sababu ya pedeli, lazima watokee watu wa kupandikiza pedeli. Mark II Tourer V ya JZX100, ambayo vijana wa kuchezesha gari ubavu wanaipenda kuliko chakula, mara nyingi ilitoka otomatiki, kisha ikafungwa gia boksi ya mkono baadaye. Ikifanywa vizuri si dhambi. Ila haiuzwi kwa bei ya iliyozaliwa hivyo, na mwenye kuuza hatakwambia.

Gari litakwambia. Fungua boneti, tafuta kibati cha Toyota kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha injini, upanguse vumbi. Kuna msimbo wa modeli wenye kistari katikati. Kwa hizi Toyota tunazozizungumzia, angalia herufi ya tatu baada ya kistari. JZX100-ATMVZ: hiyo M ni gia tano za mkono. JZX100-ATPVZ: hiyo P ni otomatiki ya gia nne. Supra ya gia sita inasomeka JZA80-ALFVZ, F ikiwa ndiyo gia sita, na Altezza ya gia sita ni SXE10-AEFVF. Kibati kikisema P na ndani kuna pedeli tatu, kuna mtu alifanya kazi hapo.

Kisha kaa kwenye kiti. Washa swichi bila kuwasha injini uone kama dashibodi bado ina P, R, N na D. Angalia pedeli ya breki kama ni ile pana ya otomatiki iliyokatwa kwa msumeno. Ingiza rivasi, tuma mtu nyuma akuambie kama taa nyeupe imewaka, maana waya huo husahaulika sana. Tembea kidogo uone mshale wa spidi kama unapanda. Kama gari bado liko Japani na unatumiwa karatasi ya mnada, sehemu ya gia ikiandikwa F5 au F6 ni ya mkono, ikiandikwa AT au FAT ni otomatiki.

Ukiwa wewe ndiye muuzaji, na kibati chako kinasema F au M, piga picha ya kibati hicho iwe ya kwanza kwenye tangazo, kabla ya rimu na kabla ya redio, kisha litume kwenye makundi ya wapenzi wa magari ya Mwanza, Arusha na Dar es Salaam ambako mteja wako yuko. Na kama ni ya kupandikiza, andika hivyo waziwazi pamoja na aina ya gia boksi iliyofungwa na propela shafti iliyokatwa ni ya gari gani, kwa sababu mnunuzi anayejua atauliza hayo mawili kwenye simu kabla hajauliza bei.